Arobaini ya Mjomba Sefu

Mjukuu wangu amejifungua, na tangu hapo nyumba nzima inanuka pilipili manga. Asubuhi unachemka uji, jioni unachemka mchuzi wa kuku, na katikati yake mafuta ya nazi yanapashwa moto ili mzazi akandwe. Wageni wakiingia huivuta harufu hiyo, wakatabasamu, wakauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mimi nikiivuta namkumbuka mwanamume mwenye mabega mapana, amelala kitandani miguu imefungwa pamoja, ananung'unika kwamba uji umezidi pilipili. Wajukuu wananiuliza nacheka nini. Nimewaambia nitaandika, maana kwa mdomo kicheko hakitanifikisha mwisho. Na ninyi wa rika langu, mliochezea mchanga wa Dunda, mtaa wetu wa Bagamoyo, kabla mji haujabadilika, mtanisahihisha nikiteleza.

Mjomba Sefu alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa Bibi. Kazi yake ilikuwa kukwea minazi. Mwenye shamba akitaka nazi zake ziangushwe alimwita Sefu, na Sefu alitia miguu katika kitanzi cha kamba, akaukumbatia mnazi, akapanda huku anaimba, akalipwa sehemu yake katika hizo nazi. Watu hudhani mkwezi ni mikono. Mikono hushika tu. Kinachombeba mtu ni mapaja, yanavyoubana mti mpaka juu, na yakikataa kubana basi huna kazi hata kama mikono yako ni ya chuma.

Hiyo ilikuwa riziki yake. Sifa yake ilikuwa kirumbizi. Kwenye arusi na sikukuu, ngoma zikishapamba moto na zumari likilia, wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenzake na kukwepa kuguswa. Ukielekezewa fimbo ama uipokee, ama utoke uwanjani watu wakikuona, na fimbo yako ikikutoka ikaanguka chini mchezo wako umekwisha. Wageni huangalia fimbo. Sisi tuliokulia hapo tulikuwa tunaangalia miguu. Miguu ya Mjomba Sefu ilikuwa haionekani ikitua, na mtaa wa wapinzani wetu, Gongoni, haukuwa na mtu wa kumweza isipokuwa siku moja moja Athumani, ambaye alikuwa mzito kidogo lakini ana subira.

Mwaka huo Mjomba alikuwa amechumbia. Binti aliitwa Zuhura, wa Mwinyi Kombo, mwenye shamba kubwa la minazi njia ya Mlingotini. Mjomba alikuwa amelikwea shamba lile tangu ndevu hazijaota, na nadhani alimwona Zuhura kutoka juu ya mti, mahali ambapo hakuna wa kumwambia ainamishe macho. Posa ilikwenda, ikakubaliwa, arusi ikapangwa baada ya Iddi Kubwa. Mjomba akawa anatembea kama mji mzima ni wake.

Basi tukaalikwa arusi mtaa wa Pumbuji. Uwanja ulikuwa umenyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Mimi nilikuwa nimekaa mapajani pa mama upande wa wanawake, na humo humo alikuwamo Zuhura na mama yake, jambo ambalo Mjomba alilijua vizuri sana. Akaingia na Athumani. Wanawake wakapiga vigelegele, na mnajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjomba akaruka, akataka kutua mguu mmoja mbele mbali na mwingine nyuma mbali, fimbo ikipita chini ya goti la mwenzake. Mguu wa mbele ulitua. Wa nyuma ulikuta tope ukaendelea na safari yake. Akawa amepanuka pale chini kama mkasi, anacheka, na watu wakacheka naye, mpaka tukaona kicheko kinaendelea na yeye hainuki.

Athumani ndiye aliyemwinua, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwetu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nitamtaja tena na sitaki mumfikirie vibaya. Mjomba alikuwa amefumba macho na uso umelowa jasho. Kila Athumani alipokanyaga shimo, Mjomba alisema neno ambalo mama aliniziba masikio nisilisikie.

Sasa tatizo lilikuwa pale alipoumia. Angevunjika mkono, mji mzima ungekuja kuutazama. Lakini ilikuwa kinenani, ndani ya paja kule juu kabisa, na Mjomba alikataa katakata mtu yeyote kumwona. Alitaka aitwe mganga wa viungo kutoka Fukayosi. Bibi akamwambia yule ni bwana wa mifupa, na hapa hakuna mfupa uliolalamika. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya Dunda ilikuwa imepita mikononi mwake, na sehemu ile ya mwili aliifahamu kuliko mtu yeyote aliye hai pande zile, ijapokuwa kwa wanawake. Akatundika pazia, akaketi upande wa nje, akaanza kuuliza. Ulisikia kitu kukatika au kuvutika? Ukibana magoti inauma? Ukikohoa je? Mjomba akajibu kwa aibu, moja moja. Mwishoni Bibi akatoa hukumu kwamba msuli wa kinena umevutika na nyuzi zake kadhaa zimechanika, lakini haujaachia. Utaunga. Ila utaunga kwa kulala, si kwa ubishi.

Siku za mwanzo Bibi hakutaka hata kuukanda. Alisema kidonda kibichi hakikandwi, akawa anampitishia chini ya pazia vitambaa vilivyolowekwa maji ya mtungi, Mjomba ajiwekee mwenyewe. Uvimbe ulipotulia ndipo majani ya mbono yalipopashwa moto, na mafuta ya nazi yakaja. Bibi alimkanda magoti na mapaja kwa juu ya shuka mpaka pale heshima ilipomkomesha, na palipobaki alimwamuru mwenye mguu ajikande mwenyewe, naye Bibi akisema kutoka nje ya pazia, taratibu, usichimbe, si unga huo. Na kwa kuwa alikuwa na njia moja tu ya kumuuguza mtu aliyeumia maeneo yale, alimfuatishia yote. Alimfunga mkaja, ile nguo ndefu anayofungwa mwanamke aliyezaa, kuanzia kiunoni hadi mapajani. Alimkataza kutoka nje. Alimwamuru alale miguu pamoja. Alimnywesha uji wa mtama wenye pilipili manga asubuhi na jioni. Na alimwambia kwamba hatoki mpaka arobaini iishe.

Sasa njooni kwangu mimi, mtoto wa miaka saba au nane, niliyelelewa katika nyumba ya mkunga. Jinsi watoto wanavyoingia duniani hakuna aliyeniambia, nilijua tu kwamba Bibi huenda na mkoba wake na akirudi watu wana mtoto. Lakini dalili za mzazi nilizijua kuliko nilivyojua alifu na be za chuoni. Mzazi hulala ndani. Hutundikiwa pazia. Hufungwa mkaja, hubana miguu, hunywa uji, hunukia mafuta, na wanawake wakimzungumza hupunguza sauti. Nilizihesabu zote kwa Mjomba Sefu, na hakuna iliyopungua isipokuwa mtoto mwenyewe.

Na mtoto naye akaja. Mguu ulipoanza kupata nafuu Bibi alimpa Mjomba kazi. Alichukua nazi kavu, akaifunga ndani ya kitambaa cha kisutu ili isimkwaruze, akamwambia aiweke katikati ya magoti na kuibana, polepole, aachie, abane tena, na asiposikia maumivu abane zaidi. Alisema msuli uliolala muda mrefu husahau kazi yake na inabidi ufundishwe upya. Mimi hayo sikuyasikia. Mimi nilichungulia pembeni mwa pazia nikamwona mjomba wangu ameketi, amefunga mkaja, na magotini pake amebana kifurushi cha mviringo kilichofungwa kwa kisutu, anakitazama kwa makini na kupumua kwa shida. Nikarudi nyuma kwa adabu. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdogo katika nyumba ile na nilikuwa nimechoka kutumwa.

Siku ya pili yake mama alinituma kwa kina Zuhura na sahani ya vitumbua. Mama yake Zuhura, Bi Tausi, alikuwa uani na wanawake wengine wanatwanga. Nikatoa shikamoo zangu zote, nikaitikiwa. Akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza moja akitaka kujua jingine, kama mjomba wangu hajambo. Nami nilikuwa nimefundishwa namna ya kujibu watu wazima.

"Hajambo, alhamdulillahi," nikasema. "Amejifungua salama."

Michi ikasimama. Bi Tausi akaniuliza amejifungua nini. Nikamwambia hatujaonyeshwa, lakini anakaa naye vizuri, anambana magotini asianguke. Nilishangaa wanawake walipoanza kushikana mabega. Bi Tausi peke yake hakucheka. Alipokea sahani, akaniambia nimsalimie mama, akaingia ndani.

Kufika alasiri, Bagamoyo yote ilikuwa na habari. Gongoni walikwisha tunga wimbo, na watoto wao walikuja kuuimba mpaka mwisho wa kichochoro chetu: Dunda kuna mzazi, mzazi ana ndevu. Kicheko chenyewe kisingekuwa na madhara. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na nyuma ya wimbo yalikuja maneno mengine ambayo sisi watoto tulitolewa ukumbini yasitufikie. Niliyaelewa nilipokua. Watu walikuwa wanaulizana kama Sefu ameumia msuli tu, au ameumia na mengine, na kama Mwinyi Kombo anajua anampa binti yake nani.

Mwinyi Kombo akaja. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akauliza hali ya kila mtu mpaka mbuzi, ndipo akasema. Alisema hakuvunja neno lake, ameliweka tu kando. Alimkubali Sefu mkwezi, na siku atakayomwona kwa macho yake juu ya mnazi mrefu wa shamba lake, arusi itafungwa juma lile lile. Asipomwona hadi mvua za masika, basi kuna mfanyabiashara wa Pangani aliyeleta maneno, na binti hawezi kukaa akingoja mguu wa mtu. Alisema kwa upole, akaaga kwa upole, na mama akalia jikoni.

Mjomba alisikia yote kupitia ukutani. Jioni ile alimwambia Bibi kwamba Iddi anatoka, anachukua fimbo yake, anaingia uwanjani na Athumani, na yakiisha hayo hakutakuwa na mtu wa kuimba wala wa kuuliza. Bibi alikuwa anachambua mtama. Hakuinua kichwa.

"Ukitoka kabla ya wakati wako, Sefu, utampiga Athumani siku moja," alisema, "halafu utakaa chini ya minazi ya watu umri wako wote, ukiokota zilizoangushwa na wengine."

"Na nikiendelea kulala, Mama, nitaamka nimkute Zuhura yuko Pangani."

Bibi akapeperusha makapi, akaendelea kuchambua. Siku kadhaa zikapita hivyo. Uji ulikwenda na kurudi. Mimi nilijua kuna jambo limeharibika, lakini nilidhani ni kwa sababu mtoto hajapewa jina. Hakuna aliyenigombeza, maana mama alikuwa na huzuni mno na Bibi alisema mtoto husema alichokiona.

Mkesha wa Iddi, kabla ya magharibi, nilipeleka uji mimi. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta na fimbo yake imelala mapajani, anaipaka mafuta. Kifurushi kilikuwa kimewekwa pembeni ya kitanda, peke yake, hakuna anayekitazama, na jambo hilo liliniuma. Nikaweka bakuli. Nikamwomba ruhusa nimpakate mtoto.

"Mtoto gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akaweka fimbo chini, akakichukua kifurushi, akafungua kisutu. Ilikuwa nazi. Nazi kavu, ya kawaida, yenye yale macho yake matatu, inanitazama. Nikaanza kulia. Nililia kwa uchungu wa kweli, kwani nilikwisha mpenda, na katikati ya kilio nikasema neno ambalo nililiona la kumliwaza yeye, kwamba hata hivyo mtoto amefanana naye.

Mjomba Sefu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ile siku ya Pumbuji. Alicheka akashika kinena kwa mikono miwili, akapiga kelele ya maumivu, akacheka tena, na Bibi akaja mbio kutoka uani akidhani msuli umeachia. Alipopata pumzi aliifunga ile nazi upya, vizuri, pembe za kisutu ndani, akaniwekea mapajani pangu na kuniambia nikinge mkono chini ya kichwa. Nikakaa nayo hivyo mpaka adhana. Yeye alikuwa ananitazama mimi na nazi, na fimbo ilikuwa bado chini. Mimi nilimpenda mjomba wangu siku zote, lakini kama ningeulizwa nilianza lini, ningeitaja jioni ile.

Siku ya Iddi, watu waliporudi msikitini na kula, ngoma zilianza. Bibi alimwona Mjomba akitoka na fimbo mkononi. Alichukua ukaya wake, akajitanda kichwani, akanishika mkono, tukamfuata kwa nyuma, na nilihisi vidole vyake vinanibana. Uwanja ulikuwa umejaa Dunda upande huu na Gongoni upande ule. Mwinyi Kombo alikuwa ameketi mbele na wazee wenzake. Wimbo ulianza Mjomba alipoonekana tu. Dunda kuna mzazi.

Akaja polepole. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Iddi, na juu ya kanzu, mbele za watu wote, alikuwa amejifunga ule mkaja. Fimbo alikuwa anaiegemea kama mkongojo. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia kifurushi cha kisutu. Alitembea kwa hatua ndogo ndogo, magoti pamoja, kama Bibi alivyomwamuru, na kila hatua chache alisimama kukitengeneza kile kifurushi kifuani. Wimbo ukayumba. Waimbaji hawakujua tena wanamwimba nani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amefika mahali walipotaka kumpeleka.

Athumani alikuwa katikati ya uwanja. Akafanya ipasavyo, akaielekeza fimbo yake kwa Mjomba. Bibi aliacha kunishika mkono, akajishika kifua.

"Ndugu yangu Athumani," Mjomba akasema, sauti ya kuchoka, "mimi nimo katika arobaini, sijaruhusiwa. Hebu nipakatie mtoto kidogo, mkono umekufa ganzi."

Akamnyoshea. Athumani alikuwa na watoto wanne nyumbani. Mtu mwenye watoto wanne akinyoshewa kifurushi cha namna ile hafikiri, mikono hufikiri yenyewe. Fimbo ilimtoka ikaanguka mchangani, akaipokea nazi kwa mikono miwili na kukinga kichwa. Alisimama hivyo kitambo kidogo, ameipakata kwa uangalifu mkubwa, kabla ya kuiangalia fimbo yake chini. Dunda walianza kucheka, lakini Gongoni ndio waliocheka zaidi, na Athumani mwenyewe alicheka mpaka akaketi chini na mtoto wake. Hakuna aliyeweza kusema Sefu amekimbia fimbo. Hakuna aliyeweza kumwimba tena, kwa sababu wimbo ulikuwa umekuwa wake. Alirudi nyumbani kwa hatua zile zile ndogo, akapanda kitandani, akaomba uji.

Kesho yake Bi Tausi alibisha hodi. Alikuja na msichana wa kazi amebeba chungu cha mchuzi wa kuku wa pilipili manga, ule anaopelekewa mzazi na si mgonjwa mwingine yeyote. Akasema amekuja kumtazama mzazi. Bibi akamkaribisha, akamwekea kigoda mbele ya pazia, na mimi nikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Bi Tausi alizungumza na Bibi, lakini alikuwa anaelekeza maneno kwenye pazia. Alisema kaka yake mwenyewe aliwahi kuteguka mguu, akaona aibu kulala watu wakimcheka, akaamka kabla ya siku zake, na mpaka leo anautembeza mguu ule kama mzigo wa mwingine na hasira yake anaila mkewe.

"Mume wangu anataka kumwona mwanao juu ya mnazi," alisema. "Mimi nimeshamwona chini. Kwangu yatosha."

Bi Tausi akaongeza kwamba mchuzi aliupika Zuhura kwa mkono wake, na kama chumvi imezidi tumwambie. Mjomba akasema kutoka ndani, taratibu sana, kwamba chumvi haikuzidi. Chungu kilikuwa hakijafunguliwa.

Hata hivyo neno la Mwinyi Kombo lilikuwa neno, na masika hayamngoji mtu. Arobaini ilipokwisha Mjomba aliufungua mkaja akidhani amepona, na Bibi akamwambia amepona kutembea tu. Akamtembeza. Akamfanya achuchumae na kuinuka ameshika nguzo ya ukumbi. Akamfanya arudi kwenye nazi yake, abane mpaka mapaja yatetemeke. Ndipo akampeleka kwenye kitamli cha uani kwetu, mnazi mfupi ambao hata mimi ningeweza kuukwea, na Mjomba akaukwea kwa uso wa mtu aliyetukanwa. Siku moja alijidanganya akajaribu mnazi wa jirani bila kusema, akashuka amekunja uso, na Bibi akamrudisha kitandani bila kumwuliza alikuwa wapi. Wingu la masika lilikuwa limeanza kukaa baharini. Nilikuwa namwona Mjomba akilitazama kila asubuhi, na mama akimtazama yeye.

Halafu asubuhi moja Bibi alimwita, akambonyeza paja kwa kidole juu ya kikoi, akamwambia abane, akambonyeza tena. Akasema twende.

Tulikwenda wote kwa Mwinyi Kombo, mimi nikiwa nimeshikwa mkono na mama. Mwenyewe akachagua mti, na hakuchagua kwa huruma. Ulikuwa mnazi mzee, mrefu, umepinda kidogo juu, ambao wakwezi wengine walikuwa wanauruka. Zuhura hakuonekana, ila mlango wa nyuma wa nyumba ulikuwa wazi kidogo. Mjomba akatia miguu kwenye kitanzi. Akasema bismillahi. Hakuimba.

Alipanda kwa kusitasita mwanzoni, akibana na kungoja, akibana na kungoja, na kila alipovuta miguu juu mimi nilivuta pumzi. Alipovuka kimo cha paa la nyumba ndipo nilipomwona Bibi. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa amesimama chini kabisa ya ule mnazi, miguu imepanuka kidogo, ukaya umemwanguka mabegani, na mikono yake yote miwili ameinyosha juu, viganja vimefunguka, kama anavyokaa mkunga kitu kinapokaribia kuja. Kikongwe ambaye kichwa chake kilimfikia Sefu kifuani. Mwinyi Kombo akamwambia kwa heshima asogee, nazi zitamwangukia. Hakumsikia. Mama akamwita. Hakumsikia.

"Mama, toka hapo chini," Mjomba akasema kutoka juu, "nitakuangushia nazi."

"Angusha za upande wa pili," Bibi akajibu.

Akaziangusha za upande wa pili. Zilikuwa zinatua mchangani, moja moja, na Mwinyi Kombo alikuwa ameinua uso anacheka peke yake na kuwaita watu waje watazame. Mjomba akaanza kushuka, na sasa alikuwa anaimba. Bibi hakuishusha mikono. Iliendelea kukaa pale juu mpaka miguu ya mwanawe ilipogusa mchanga na yeye mwenyewe kugeuka, akajikuta yumo katikati ya ile mikono. Bibi akamshika vizuri, akamwuliza kama inauma.